Mtoto Akichagua Chuo cha Kilimo
(Hotuba iliyotolewa hapa Uingereza kwenye sherehe yetu ya Uhuru, 9 Desemba)



Tuliombwa tuzungumzie elimu, na wengi mlitegemea sisi wauguzi tutahimiza uuguzi. Leo tuna jambo la kukiri kuhusu kilimo.

Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yetu alitupigia simu kutoka Kilosa. Amepata nafasi chuo cha kilimo, ngazi ya stashahada, anaomba ada. Kwenye kundi la familia tulimjibu kwa vicheko: "Sisi tunakesha wodini huku ili wewe ukashike jembe?" Tukamwambia asubiri uuguzi au kompyuta. Akakaa nyumbani mwaka mzima.

Mwaka huohuo tukamtumia binamu yetu fedha za mradi wa kuku wa kienyeji. Kuku 300. Mdondo ukapita, wakabaki 11. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ipo inayostahimili joto, inatengenezwa hukohuko Tanzania. Sisi tunaochoma watu sindano za chanjo huku hatukujua, wala hatukuuliza. Aliyetueleza ni yule kijana, alipokwisha kuingia chuo. Ada ya kwanza mama yake aliuza mbuzi. Alitueleza kwa upole, bila kutusuta. Afadhali angetusuta.

Ada zilizofuata tulilipa sisi, na tukaanza kumuuliza anasoma nini. Siku moja akatusimulia somo la bomba la dawa, lile la kubeba mgongoni. Kabla ya kugusa dawa wanatia maji matupu, wanapima eneo la mita 10 kwa 10, wanalinyunyizia kwa mwendo wao wa kawaida, kisha wanaangalia maji kiasi gani yametumika. Yeye alitumia lita 2. Maana yake hekta moja itataka lita 200, yaani mabomba 10 ya lita 20. Kama kibandiko kinasema lita 1 ya dawa kwa hekta, basi kila bomba ni mililita 100, si kifuniko cha kukisia. Tulicheka kidogo, maana hiyo ndiyo hesabu tuliyofanyiwa mtihani sisi: dozi kwa kilo ya mgonjwa.

Na kama sisi, hawezi kujifunza kwa daftari peke yake. Shahada ya uuguzi hapa inadai saa 2,300 za darasani na saa 2,300 za kazini. Mwanafunzi wa kilimo naye lazima ashike usukani wa trekta, afunge jembe la sahani, akamue ng'ombe, akae shambani msimu mzima.

Lililotugusa zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Muuguzi anampokea mgonjwa ini limekwisha kuharibika. Bwana shamba angemkuta mapema, mahindi yameanikwa juu ya udongo, akamwambia atandike turubai na asitie gunia kabla hayajakauka sawasawa.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 hatukuwa na chuo kikuu cha kilimo. Chuo cha Kilimo Morogoro kilianza mwaka 1965, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Vyuo vya stashahada navyo vipo: Ilonga, Uyole, Ukiriguru, Mlingano, na kwa mifugo, Tengeru na Mpwapwa. Majina haya wazee mnayajua kuliko sisi.

Sasa ombi. Mfuko wetu wa elimu unalipia udaktari, uuguzi, ualimu na kompyuta. Kilimo na mifugo havimo. Sisi tulikuwepo siku orodha ile inaandikwa, na tulinyoosha mikono. Tunaomba mkutano wa Januari uviongeze, na malipo yasiwe ada tu, yawe na mabuti, ovaroli na nauli ya mafunzo ya vitendo, maana hapo ndipo watoto wengi hukwama.

Kijana wetu anamaliza Julai. Binamu ameshamwandalia banda.