Picha Ndogo za Wezi na Wapelelezi



Nimeombwa kusema nanyi juu ya picha za sinema, nami nimechagua zile zilizodharauliwa kuliko zote: picha fupi za wezi, wauaji na wapelelezi zilizotengenezwa Uingereza kwa fedha kidogo, tangu miaka ya 1930 hata katikati ya miaka ya 1960. Zamani zile mtu aliyelipa kiingilio cha sinema huko Uingereza kwa kawaida alionyeshwa picha mbili. Iliyo kubwa, yenye wachezaji mashuhuri, ndiyo iliyomtoa nyumbani kwake. Ile ndogo, ya muda wa saa moja hivi, ilikuwa ya kujaza nafasi, na wengi waliitazama huku wakitafuta viti vyao gizani.

Asili yake ni sheria. Baada ya Vita Kuu ya kwanza picha za Marekani zilienea Uingereza hata, kufikia mwaka 1926, katika kila picha mia zilizoonyeshwa humo kama tano tu ndizo zilizokuwa za Kiingereza. Mwaka 1927 Bunge likapitisha sheria ya kuwalazimisha wasambazaji wa picha na wenye majumba ya sinema kuchukua fungu fulani la picha za Kiingereza. Nia ilikuwa njema. Lakini makampuni ya Marekani yenye ofisi zao London hayakuwa na haja ya picha nzuri za Kiingereza. Yalikuwa na haja ya futi za filamu za kutosha kuitimiza sheria. Basi yakaagiza picha kwa bei ya pauni moja hivi kwa kila futi, kama mtu anunuavyo kamba. Ukiagiza kazi kwa kuipima urefu, usistaajabu ukiletewa urefu. Mwaka 1938 ikatungwa sheria nyingine iliyoweka gharama ya chini kabisa, na picha isiyofikia gharama hiyo haikuhesabiwa. Hata hivyo tusiwadharau wote waliofanya kazi ile ya haraka. Michael Powell, aliyekuja kusifiwa kwa picha ya The Red Shoes ya mwaka 1948, alijifunza ufundi wake katika picha kama hizo.

Labda mtauliza, kwa nini wezi na wauaji? Jibu ni gharama. Hadithi ya vita yataka majeshi, na hadithi ya wafalme yataka mavazi. Hadithi ya mwizi yataka chumba, meza, simu, motakaa moja na barabara yenye maji usiku. Giza halilipiwi, nalo laficha kwamba ukuta ni wa mbao.

Baada ya vita vya pili kazi hii ilipata makao yake hasa katika studio ya Merton Park, kusini-magharibi ya London, ambako mara nyingi barabara za jirani ndizo zilizopigwa picha. Huko kati ya mwaka 1953 na 1961 zikatoka picha fupi 39 ziitwazo Scotland Yard, na mwandishi Edgar Lustgarten alikuwa akiwaeleza watazamaji kisa chenyewe. Kwa watu wa siku hizo kisa cha mauaji hakikuwa mchezo tu, maana muuaji aliweza kunyongwa. Adhabu hiyo ilisimamishwa mwaka 1965. Tangu mwaka 1960 studio hiyo hiyo ilitoa mfululizo wa picha zilizotokana na hadithi za Edgar Wallace, kila moja ikianza kwa sanamu ya kichwa chake ikigeuka polepole ndani ya ukungu.

Wallace mwenyewe alifariki mwaka 1932, na jina lake latugusa sisi kwa njia nyingine. Kitabu chake cha Sanders of the River kilifanywa picha mwaka 1935, naye Paul Robeson akiwa mmoja wa wakuu wake. Katika kundi la Waafrika waliokodishwa London kujaza picha ile alikuwamo Jomo Kenyatta. Baadaye Robeson aliikana picha hiyo kwa jinsi ilivyowasifu watawala.

Katika picha hizi ndogo nyingi ni hafifu, wala sitaki kuwadanganya. Lakini ziko mbili ambazo ningemwambia mtu yeyote azitafute, zote za mwaka 1961. Ya kwanza ni The Man in the Back Seat, ya Vernon Sewell. Vijana wawili wamvamia mtu anayepokea fedha za kamari katika mashindano ya mbio za mbwa. Mfuko wa fedha umefungwa kwa mnyororo mkononi mwake, nao hawawezi kuuchukua bila kumchukua yeye. Basi wazunguka naye mjini usiku kucha, amezirai katika kiti cha nyuma, na kila hila ya kumwondoa yazidi kuwatia taabuni. Hakuna zaidi ya hayo, na yatosha.

Ya pili ni Cash on Demand. Peter Cushing ni meneja wa benki katika mji mdogo, mtu mkavu, awatishaye makarani wake kwa kosa la kalamu. Siku chache kabla ya Krismasi aingia bwana mmoja mchangamfu, mchezaji wake ni André Morell, akijidai kuwa mkaguzi wa kampuni ya bima. Kumbe ni mwizi, naye amwambia meneja ya kuwa mkewe na mtoto wake wamo hatarini asipomsaidia kuiba. Karibu kila jambo latendeka ndani ya jengo hilo moja. Ufukara wa picha umegeuka nguvu yake: hatuna pa kukimbilia, kama yeye. Na mtu aliyetaka kumfukuza karani wake sasa aja kuhitaji huruma ya karani yule yule.

Televisheni na kukoma kwa desturi ya picha mbili ndivyo vilivyoziua. Lakini tangu mwaka 2015 kituo cha Talking Pictures TV huko Uingereza huzionyesha tena, na wazee huziangalia nyuma ya wachezaji, wakitafuta duka, kituo cha basi, au kiwanja kilichobomolewa na mabomu walichokipita wakienda shule.