Neno Kushuka na Neno Kupanda

Leo twataka kunena habari ya neno: jinsi litokavyo kwa mkubwa wa kazi hata likamfikia mtu wa chini, na jinsi lipasavyo kurudi juu.

Hapa Turiani, chini ya milima ya Nguru, mfano tunao karibu, yaani mashamba ya miwa ya Mtibwa. Katika kazi kama hiyo mkataji yu chini ya nyapara, nyapara chini ya msimamizi, na msimamizi chini ya meneja. Amri hushuka upesi kama maji ya masika. Lakini habari ya kupanda huenda kwa taabu, kama mtu akweaye mlima na mzigo kichwani.

Sasa fikirini. Muwa ukiisha kukatwa huanza kupoteza sukari yake, hauna budi kufika kiwandani mapema. Tuseme mkataji ameona daraja la shambani limebomoka. Akinyamaza kwa kumwogopa nyapara, na nyapara akinyamaza kwa kumwogopa msimamizi, miwa italala chini, na hasara itakuwa ya wote.

Kosa ni la nani? Si la mwoga peke yake. Mkubwa amkemeaye mleta habari mbaya hujiziba masikio mwenyewe. Wazee walisema, mjumbe hauawi.

Nchi yetu imekwisha kujifunza jambo hili. Mwaka 1970 Waraka wa Rais uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata, watu wa viwanda kadhaa waliacha kazi kwa sababu ya kudharauliwa. Baraza bila sikio halifai kitu.

Basi wewe wa chini, sema mapema. Sema uliyoyaona, si uliyoyasikia. Anza kwa nyapara wako. Asipokusikiliza, mwendee mjumbe wa chama cha wafanyakazi, maana sheria ya mwaka 2004 yakupa haki ya kuwa na chama. Nawe nyapara, lifikishe neno kama lilivyo, usilipunguze wala kulitia chumvi. Nawe mkubwa, sikiliza kwanza, ndipo uulize.

Nanyi wanafunzi, kiranja ndiye nyapara wenu: anzeni naye leo. Kwaherini.