Unga wa Mtoto Wataka Maji Moto

Msikilizaji, ni alfajiri Likoni, Mombasa. Mkokoteni wa maji umeshapita, mama anawahi feri, na nyanya anabaki na mtoto, kopo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyea.

Wengi wetu tunayaogopa maji peke yake. Kumbe hata unga, kopo likiwa halijafunguliwa, huenda una vijidudu. Bakteria waitwao kronobakta na salmonela huvumilia ukavu, na wakipata uvuguvugu huzaana. Anayeumia zaidi ni mtoto asiyetimiza miezi miwili, au njiti. Mwaka 2022 kampuni ya Abbott iliondoa sokoni maziwa yaliyotoka kiwanda chake cha Sturgis, Marekani, kwa hofu hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2007. Osha na uchemshe chupa. Chemsha maji, yasikae zaidi ya nusu saa, ili yakutane na unga yakiwa na nyuzi 70 au zaidi, joto la kuwaua vijidudu hao. Kisha poza chupa ndani ya bakuli la maji baridi, udondoshee tone kwenye kifundo cha mkono. Maziwa yasiponywewa ndani ya saa mbili, mwaga.

Chupa ya usiku inayotayarishwa magharibi, kwa joto la Kisauni au Changamwe, ni mtego. Afadhali maji moto yakae kwenye themosi isiyoyaacha yashuke chini ya nyuzi hizo 70, unga kando.

Makaa ni ghali, tunajua. Ndiyo maana ziwa la mama, lisilohitaji jiko wala mtungi, linabaki la kwanza kwa anayeweza.