Pumzi Itokayo
Dominika ya Pentekoste



Wapendwa wasikilizaji wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, Injili ya leo yatuonyesha Bwana Mfufuka akiwapulizia wanafunzi wake Roho Mtakatifu. Basi tutafakari juu ya pumzi.

Moyo wa mtu unaposimama, mwokoaji humkandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Penye kifaa, waganga hupima hewa ya ukaa katika pumzi itokayo. Hewa hiyo huzaliwa mwilini, na damu huipeleka mapafuni. Damu isipotembea, haifiki. Kipimo kikishuka, pengine mkandamizaji amechoka, basi hupokezana na mwenzake. Kikipanda ghafula, yamkini moyo umeanza tena kupiga. Hapa nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti wameipima hewa hiyo kwa watoto wachanga waliozaliwa bila kupumua, walipokuwa wakisaidiwa kwa mfuko na kinyago.

Tazameni, ndugu: uhai wa ndani hujulikana kwa kile kitokacho. Nasi tumepokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi. Je, ni nini kitokacho kwetu? Msamaha, au masengenyo?

Tena, mvuvi anapoopolewa mtoni, mara nyingi kilio hutangulia msaada. Tusingoje kifaa. Aliyezama, asiyepumua, apewe pumzi kwanza, kisha akandamizwe kifua, na mwingine akimbilie zahanati. Makatekista, mwalikeni mhudumu wa afya katika jumuiya ndogo ndogo, awafundishe waamini kwa vitendo.

Hata hivyo, juhudi ya binadamu ina kikomo. Kipimo kikibaki chini kabisa baada ya dakika 20, na dalili nyingine zikikubaliana nacho, waganga huweza kuamua kuacha. Huko si kumtupa mgonjwa. Ni kumkabidhi kwa Mwenyezi Mungu aliyempa pumzi tangu mwanzo. Hapo ndipo majaribu yetu huanza: tunamlaumu muuguzi, tunanong'ona juu ya bibi kizee wa jirani, tunamtafuta mchawi. Ndugu wapendwa, msiba mmoja usizae wa pili. Aliyefiwa ahitaji mkono wetu begani, wala si jina la wa kumchukia.

Roho Mtakatifu atujalie mikono iliyo tayari kuokoa, na mioyo iliyo tayari kupokea mapenzi ya Mungu. Amina.