Shemeji au Mjomba? Edipode, Kinjeketile na Somo la Fasihi Chini ya Milima ya Uluguru

Mwaka 1971 Oxford University Press ilichapisha mjini Nairobi kitabu kiitwacho Mfalme Edipode. Ilikuwa tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, katika Kiswahili cha Samuel S. Mushi, ambaye alikuwa amekwisha kuzifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa majina ya Makbeth na Tufani. Miaka hiyo fasihi ya Kiswahili ndiyo kwanza ilikuwa inapata kiti chake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Farouk Topan alikuwa ameanza kuifundisha mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka uleule wa 1971 Topan alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Edipode, basi, aliingia katika Kiswahili wakati ambapo wasomi walikuwa wakiulizana namna ya kuisoma na kuifundisha fasihi hii. Aliingia, akakaa kimya. Ni wanafunzi wachache wa Tanzania waliopata kukishika kitabu hicho, na wachache zaidi waliopata kukijadili darasani.

Mhadhara huu unamtoa Edipode rafuni na kumpeleka Morogoro. Mji huo una shule na vyuo vingi, na baadhi yake, kama Kilakala, viko miguuni kabisa mwa milima ya Uluguru. Mzumbe, nje kidogo ya mji, hupokea vijana kutoka kila pembe ya nchi. Katika madarasa ya namna hiyo mwanafunzi wa tahasusi za lugha hujifunza kuigawa kazi ya fasihi katika mafungu mawili, fani na maudhui. Chini ya fani huandika muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui huandika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Utaratibu huu umesaidia wengi kufaulu mitihani, wala hapana haja ya kuudharau. Lakini lipo neno moja katika kisa cha Edipode ambalo haliingii katika fungu lolote kati ya hayo, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kisa chenyewe chajulikana. Edipode, mtawala wa Thebes, anamtafuta mtu aliyemwua Laius, mfalme aliyemtangulia, ili mji upone tauni. Mwisho anagundua kwamba mwuaji ni yeye, kwamba Laius alikuwa baba yake, na kwamba Jocasta, mjane aliyemwoa, ni mama yake mzazi. Watazamaji wa Athens walikijua kisa hiki kabla hawajaketi. Hapo pana funzo la kwanza kwa mwalimu, maana darasani taharuki husifiwa kana kwamba bila hiyo hakuna hadithi. Mgiriki hakwenda kuona mambo yatakwishaje. Wala mtoto anayeomba kwa mara ya kumi ngano ileile ya sungura na fisi haombi taharuki. Anachongojea ni kumwona fisi akitembea kuelekea kwenye mtego ambao yeye msikilizaji keshauona.

Sasa lije hilo neno. Mwanzoni mwa tamthilia Creon anarudi kutoka Delphi na jibu la mungu. Creon ni ndugu wa Jocasta, na Edipode anamlaki kama ndugu wa mkewe. Kigiriki cha Sophocles kinatumia hapo neno la undugu uliotokana na ndoa. Kwa Kiswahili, Creon ni shemeji. Hata hivyo, mtazamaji anayejua mwisho anajua vilevile kwamba Jocasta ni mama, na ndugu wa kiume wa mama haitwi shemeji. Huyo ni mjomba. Kila mara Edipode anapomwita Creon shemeji anasema kweli, na papo hapo anakosea. Baadaye, mbele ya umma, anamtuhumu kwamba anataka kumpindua, na anatamka kwamba anataka afe, si kwamba afukuzwe tu. Jocasta ndiye anayeingilia kati. Msomaji wa Kiingereza aweza kuipita hapo bila kujikwaa, kwa kuwa lugha hiyo humwita mjomba na baba mdogo kwa jina moja. Kiswahili hakimwachi mtu apite. Humlazimu achague, na kuchagua kwenyewe ndiko kuifahamu tamthilia.

Katika milima ya Uluguru uchaguzi huo una uzito wa namna yake. Waluguru, kama jirani zao Wakaguru na Wakutu, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi ardhi ni ya ukoo, na mamlaka juu ya watoto wa dada yamo mikononi mwa mjomba wao. Mpwa ndiye hurithi jina na cheo cha mjomba. Jina la Kingalu, ambalo ni cheo cha watawala wa jadi mashuhuri wa milima hiyo, limerithiwa kwa njia ya ukoo huo. Dini, fedha na sheria za nchi zimeyabadilisha mengi, na wapo Waluguru wengi leo ambao mali ya baba huwaendea wanawe. Hata hivyo neno mjomba halijapoteza uzito wake. Msikilizaji aliyelelewa katika desturi hii hahitaji kungoja ugunduzi wa mwisho ndipo ashtuke. Ameshaona kijana akimtishia kifo mkubwa wa ukoo wake hadharani, tena katika jambo la utawala, ambalo mjomba na mpwa ndio wahusika wake hasa.

Desturi hiyo hufungua pia swali ambalo vitabu vya mwongozo havijaliuliza. Je, kosa la Edipode ni lipi hasa? Kijana wa Kichaga darasani Mzumbe huenda akasema kwamba ni kumwua baba, yaani kulikata shina ambalo yeye mwenyewe alikuwa tawi lake, na kwamba ajabu ya kisa ni kuwa kiti alichokipata kwa ndoa kilikuwa tayari chake kwa kuzaliwa. Kijana wa Kiluguru aweza kujibu kwamba kwa hesabu ya kwao kiti cha Laius kingemwendea mtoto wa dada yake Laius, na kwamba Edipode kwa Jocasta ameoa ndani ya ukoo wake mwenyewe, hata watoto wake na yeye wakawa wa tumbo moja. Si kwamba kumwua baba ni jambo jepesi Uluguru. Mzani tu umeelemea upande mwingine. Mabishano ya namna hii yana faida kuliko kurasa kumi za madondoo, kwa sababu kila mbishi anarudi kwenye matini kutafuta ushahidi.

Yamkini litazuka pingamizi, nalo ni la haki. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega wilayani Kilosa, na Ndyanao Balisidya waliandika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, iliyotoka mwaka 1976, ili wasomaji wazitazame sanaa za maonyesho za Kiafrika katika maisha ya jamii zenyewe badala ya kuzipima kwa tamthilia ya Ulaya. Kwa nini basi kumrudisha Mgiriki? Jibu ni kwamba hapa mzani umegeuzwa. Aristotle aliisifu tamthilia hii kwa sababu ndani yake geuko la mambo na utambuzi hutokea kwa pamoja: mjumbe anakuja kumwondolea Edipode hofu, na habari zake ndizo zinazomfunua. Ni hoja nzuri, na wanafunzi waifundishwe. Lakini ujomba wa Creon haumo katika hoja hiyo. Katika mjadala wa Morogoro, Mgiriki ndiye anayepimwa kwa udugu wa Kiluguru.

Nuru hiyohiyo yafaa imulikwe pia juu ya kazi ya nyumbani. Katika upande wa kusini-mashariki wa Uluguru limo pango la Kolelo, ambako watu wa milimani na Wazaramo wa pwani walikwenda kuomba mvua na mavuno, na ambako mwenye kusema aliaminiwa kuwa ni nyoka. Jina lake lilitajwa katika habari za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Delphi nako palikuwa na nyoka, Python, ambaye Apollo alimwua kabla ya kuwa mwenyeji wa mahali hapo. Ufanano huo unapendeza, lakini haufai kufanywa mwisho wa somo, maana mwanafunzi atabaki na nyoka wawili na asiwe na la kusema. Lenye faida ni kuuliza namna neno la mizimu linavyosikiwa. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nabii wa maji anatokwa, akiwa amepagawa, na ahadi kwamba baada ya kuwashinda Wajerumani watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia maji. Baadaye, akiwa na akili yake, Kinjeketile anakwama kwenye neno watoto. Kuwa watoto wa Sultani wa Zanzibar ni uhuru wa namna gani?

Hapo tena neno lenyewe ni la udugu, dogo, la kila siku. Si sitiari ya kupigiwa mstari, wala si methali. Mwanafunzi aliyezoea kuorodhesha tamathali za semi atalipita, kama Edipode anavyolipita neno shemeji. Mwanafunzi huyo anajua, kama Mgiriki alivyojua, kwamba mambo yatakwisha vibaya. Anajua kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905. Kumwuliza mwisho wake ni nini ni kumwuliza alichokwisha kukijua shule ya msingi. Aulizwe ni neno gani mhusika analitamka bila kujua uzito wake, na nani jukwaani angeweza kumwambia.

Kwa sababu hiyo somo linahitaji sauti. Tukio la Edipode na Creon lisomwe mara mbili darasani: kwanza kwa neno shemeji kila panapofaa, kisha kwa neno mjomba, huku wengine wakisikiliza ni wapi sauti ya msomaji inasita. Dakika 20 zinatosha, hata pale ambapo wanafunzi 60 wanagawana nakala chache, kwa kuwa kusikiliza hakuhitaji nakala.

Ukurasa wa mwisho waweza kuachwa kwa kipindi kinachofuata. Edipode, kipofu sasa, anamkabidhi Creon binti zake wawili, Antigone na Ismene. Darasa liulizwe wasichana hao watamwitaje. Kwa upande wa mama yao ni mjomba. Lakini mama yao ndiye bibi yao, na mjomba wa baba ni babu. Kreoni wa shemeji hayupo tena. Aliyesimama pale, akiwaongoza ndani, ana majina mawili, na binti hao hawana namna ya kuchagua moja.