Chakula cha Mgeni Atokaye Mbali



Uislamu wenyewe uliingia Buganda kwa mguu wa mgeni. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetokea pwani, alipokewa na Kabaka Suna II; na yasimuliwa kuwa mgeni huyo alithubutu kumwonya mwenyeji wake juu ya kuwaua watu ovyo, naye Kabaka akamsikiliza.

Wageni hawakukoma. Juni 2008 mawaziri wa nchi za Kiislamu walikutana Kampala. Wageni wa namna hiyo hulala hotelini, lakini wengi hutamani kuiona nyumba.

Hapo ndipo wenyeji wengine hukosea. Hukopa fedha, wakanunua vyakula vya makopo, na matoke yakafichwa jikoni kama aibu. Mgeni wa Misri hakuja Kampala kula mkate wa dukani! Apewe matoke yaliyoivishwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga. Aelezwe mapema kwamba binti apigaye magoti kumwamkia anamheshimu kwa desturi ya Kiganda, asije akadhani anasujudiwa, akafadhaika.

Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipojiwa na wageni asiowajua, aliwaendea ahali zake kimya kimya, akaleta ndama aliyenona. Alitoa cha nyumbani mwake.

Watoto nao wasifukuzwe. Wamnawishe mgeni mikono kwa birika, kisha wakae wamwulize habari za kwao. Na mama aliyepika awekewe fungu lake kabla sahani hazijatoka jikoni.