Deni Lisile Fidia ya Aliyeumia Kazini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Tumekuja kusema habari za mwenzetu ambaye karibu mwaka mzima hakuonekana mkutanoni kwa sababu ya aibu. Jina lake hatulitaji, naye ametupa ruhusa tuieleze habari yake.

Mwenzetu huyu alikuwa akifanya kazi ya msumeno katika karakana ya mbao. Siku moja msumeno ukamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekopa fedha kwa simu, mahali patatu, ili alipe karo. Na nani kati yetu hajakopa? Alipokaa nyumbani na mkono umefungwa, simu zikaanza: asubuhi, mchana, usiku. Mara aambiwe polisi wako njiani, mara shemeji yake apigiwe simu na kuambiwa kwamba yeye ni mwizi. Mwisho akaja mtu na karatasi akamwambia, "Tia sahihi hapa, fidia yako ikitoka ni yetu." Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikilizeni jambo lililotuuma. Alisema moyoni mwake: ikiwa fedha zenyewe zitachukuliwa zote, ya nini kusumbuka na fomu? Akakaa kimya. Kumbe sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, inataka dai lipelekwe kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ya ajali. Yeye alifika ofisini kwetu mwezi wa kumi na moja, tena aliletwa na mkewe.

Tukamfungulia sheria hiyo hiyo. Inasema kwamba fidia haiwekwi rehani, wala haikamatwi kwa hukumu ya korti ili kulipa deni. Ile karatasi aliyotia sahihi haikuwa na nguvu hata kidogo. Aliogopa karatasi tupu.

Na fedha zenyewe si kidogo, ndugu. Mtu akiumia hata asiweze kufanya kazi siku 3 au zaidi, ana haki ya malipo wakati anapojiuguza, hadi miezi 12. Akibaki na kilema cha kudumu, hesabu ni ya mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya kilema ambacho daktari amekiandika. Tuseme mshahara ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akiandika asilimia 10, fidia ni shilingi 192,000. Hizo ndizo fedha ambazo mwenzetu alitaka kuziacha kwa hofu ya madeni ambayo yote pamoja hayakufika elfu arobaini.

Hatusemi deni lisilipwe. Deni ni deni, na chama hiki si maficho ya wakopaji. Lakini mdai naye ana mipaka yake, na mipaka hiyo yafaa tuijue.

Hakuna mtu wa kuingia nyumbani mwako na kubeba vitu kwa sababu tu ana namba yako ya simu. Dalali wa korti lazima awe na leseni na amri ya korti. Akija, huandika orodha ya vitu na bei yake, na kukupa notisi ya siku 7 ulipe kabla ya kuvichukua. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko havikamatwi. Vyombo vya kazi yako havikamatwi. Kwa hivyo fundi mwenye randa na patasi zake asikubali zibebwe. (Kitu ulichokiweka rehani mwenyewe, kama pikipiki, hiyo ni habari nyingine, soma mkataba wako.) Na theluthi mbili za mshahara wako pia hazikamatwi kwa deni la hukumu.

Polisi hawakusanyi madeni. Kufungwa kwa deni ni kwa amri ya korti, nayo korti lazima ikusikilize kwanza na kutazama kama unayo fedha unakataa kulipa, au huna. Ukipata barua ya korti usiitupe. Hapo ndipo watu wetu wengi huharibikiwa, kwa kutokwenda.

Na hao wa simu, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza kutisha, kutukana, kumwaibisha mdeni hadharani, na kuwapigia simu jamaa na rafiki zake kwa sababu amechelewa. Kwa hivyo lile alilofanyiwa shemeji ni kosa, na linashitakiwa.

Jambo moja tunawaonya. Sheria hulinda fidia, lakini haikulindi na mkono wako mwenyewe. Ikiwa laini yako ya simu ina ule mkopo unaojikata kila fedha inapoingia, usiseme fidia au malipo ya kujiuguza yapitie hapo. Na kama mkopo wako ni wa chama cha akiba, uliza kabla ya kulipa hata senti: vipo vyama ambavyo mikopo yao ina bima ya kifo na ya ulemavu wa kudumu. Wadhamini wako, ambao ni wafanyakazi wenzako, watakushukuru kwa kuuliza.

Mwenzetu dai lake lilipelekwa zikiwa zimebaki siku chache. Kisha tukaandika naye barua tatu kwa wadai, kila mmoja akaahidiwa shilingi 500 kwa mwezi mpaka mkono upone. Wawili walikubali. Wa tatu bado anapiga simu, ila sasa mke wake ndiye anayeipokea, na tumeambiwa kwamba maongezi huwa mafupi.

Aliye na shida kama hii aje ofisini Jumamosi asubuhi. Alete fomu ya daktari, barua yoyote aliyopewa, na simu yenyewe. Ule ujumbe wa matusi asiufute.